Kaburi Ndani ya Mkuza

Makambako nzima, mtu wa kumfundisha mzee Yoeli maana ya mkuza alikuwa hajazaliwa. Alifyeka majani ya reli mpaka akastaafu, na aliyelima mahindi karibu na njia alifokewa: "Huu ni mkuza! Ardhi ya reli, pande zote mbili. Hujengi, hulimi, huziki!"

Ndiyo maana mkewe Esteria alipofariki, na shemeji yake Lameki akaomba dada yake alazwe kwao Kichiwa, Yoeli alikataa katakata. Alipima mwenyewe kutoka kwenye reli, akavuka mpaka wa mkuza, akamzika nyuma ya nyumba, upande unaotazama reli, mahali ambapo angemwamkia kila asubuhi.

Sasa Davis, mpimaji wa mradi wa kupanua njia ya reli, alisimama na kopo la rangi nyekundu kando ya kaburi lile.

"Shikamoo, mzee. Nyumba yako ni salama. Ila kaburi limo ndani ya mkuza."

"Marahaba. Limo wapi, mwanangu? Nilipima kutoka kwenye reli!"

"Kwenye tambarare, sawa. Lakini hapa reli imepita juu ya tuta, na tuta linapanuliwa. Penye tuta, mradi unapima kuanzia chini, udongo unapoishia."

Yoeli alitazama tuta lilivyomwagika kuelekea kwake. Alikwenda kwa mtendaji, akaenda kwa mchungaji, akapanda basi hadi Njombe kwa mwanasheria. Kila mmoja alimpa pole na kiti cha kukalia. Mwenye nguvu mpishe, lakini unampishaje na marehemu mgongoni?

Siku ya kuhamisha, Lameki alikuja na jeneza jipya. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Yoeli kuliko matusi.

"Kamwene, shemeji," Lameki alimsalimu kwa upole. "Mwambie kwanza. Kwetu aliyemlaza ndiye humwamsha."

Yoeli alipiga magoti kwenye udongo. Miaka yote ya ndoa, Esteria ndiye aliyekuwa akimwamsha yeye.

"Mama Rejoice," alisema, "amka. Tunahama."

Alisubiri kama mtu anayengoja kujibiwa. Wachimbaji nao wakasubiri, majembe mkononi, mpaka Lameki akamshika mkono na kumsogeza pembeni.