Orodha ya Wanaosubiri Macho

Mzee Suthat aliingia ofisini Jumatano asubuhi, akaipiga juu ya meza yangu karatasi yake ya kusubiri konea, kile kioo cha mbele ya jicho.

"Binti, mwaka wa sita huu! Walioandikishwa juzijuzi wanaona, mimi bado napapasa ukuta. Hiyo kompyuta yenu ina ndugu zake?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana mfumo ule wa hospitali nautunza mimi, na sipendi kuchokozwa. Lakini karatasi ilisema aliandikishwa 30/9/2561 kwa kalenda yetu ya Kibuddha, na kwenye orodha alikuwa wa mia moja na nne. Ijumaa ingeletwa konea moja, na wa kwanza ndiye angefanyiwa upasuaji. Wa kwanza alikuwa mama yangu, Bunruan.

Nikafungua mfumo, na haikunichukua muda kuona aibu. Aliyeutengeneza alihifadhi tarehe kama maandishi, na maandishi kompyuta huyapanga kama majina ya wanafunzi, kwa kutazama herufi au tarakimu ya mwanzo kwanza. Tarehe 1 na 10 zilitangulia, 30 ikasukumwa nyuma sana, mwaka ukaangaliwa mwisho kabisa. Kosa la mzee wa watu ni kuandikishwa tarehe inayoanza na tatu.

"Acha kwanza, Nida," alininong'oneza dada Phikul, muuguzi wa macho. "Mama akishapona ndiyo urekebishe."

"Narekebisha leo."

Nikageuza kila tarehe: mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, na palipokuwa na tarakimu moja nikatanguliza sifuri. Ya mzee ikawa 2561-09-30. Akapanda hadi wa pili. Mama alibaki wa kwanza.

Nilifurahi, sikufichi. Dada Phikul akapiga makofi. "Umepata vyote! Funga hiyo, twende tukale saladi ya papai bichi la kutwanga kabla haijaisha."

"Ngoja kidogo, dada."

Nilikuwa nimeiona tarehe ya mama: 2023-04-10. Karani mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alikuwa akiandika miaka ya Kizungu, na 2023 yao ndiyo 2566 yetu. Kwa hesabu ya kompyuta, mama aliandikishwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya wenzake wote. Walioandikwa hivyo walikuwa watatu, na wawili walishapasuliwa.

"Nani atajua?" aliuliza dada Phikul.

"Mimi najua."

Nilimchukia yule karani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nikaandika amri: mwaka wowote ulio chini ya 2400, ongeza 543. Nikabonyeza. Mzee Suthat akawa wa kwanza, mama akashuka hadi wa thelathini na nane.

Nikampigia simu kabla sijabadili mawazo.

"Mama, Ijumaa usije."

"Nisije kivipi? Nimeshafunga nguo. Nimeshawaaga majirani!"

"Orodha ilikuwa na makosa. Zamu yako bado."

"Nani kanitoa?"

"Mimi, mama."



"Huyo wa kwanza amengoja muda gani?"

"Huu ni mwaka wa sita."

Nilimsikia akifungua mkoba na kuanza kutoa nguo.

"Basi leo usichelewe kurudi," akasema. "Nimenunua samaki, na miba siioni."