Visanduku Vimependeza

Mpokea simu wa hospitali alizaliwa haoni, lakini hakuwa mtu wa kuburutwa. Miaka mingi dada yake alimshika mkono mpaka chumba cha simu kama mtoto wa chekechea, hadi vilipobandikwa visanduku vidogo vya kutuma ishara kando ya kila mlango. Akikikaribia kimoja, simu yake humwambia sikioni: "Maabara." "Ngazi, shika ukuta." Tangu hapo dada mtu akabaki nyumbani, naye akatembea kichwa juu.

Jumatatu ile simu ilimwambia, "Chumba cha simu." Akasukuma mlango kwa kujiamini, akaingia choo cha wanaume. Mtu akapiga ukelele. Alipoifikia meza yake alikuwa amechelewa, na habari zilikuwa zimemtangulia.

Meneja alimfuata na upole wake wa kuudhi. "Dada yangu, hatukulaumu. Ila kuanzia kesho uje na mtu wa kukushika mkono. Kama hayupo, pumzika tu nyumbani."

"Bosi, simu yangu haijawahi kunidanganya."

"Mashine ni mashine, dada."

Pumzika nyumbani! Hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa kazi kwa maneno matamu. Akatoka akiifuata harufu ya rangi mbichi mpaka kwa fundi aliyekuwa juu ya ngazi yake.

"Fundi, visanduku vya ukutani umevifanyaje?"

"Nilivibandua nikapaka rangi, nikavirudisha," fundi alijibu kwa furaha. "Zamani vilikaa ovyo, kimoja juu, kimoja chini. Meneja akasema nivipange vipendeze. Sasa vimenyooka!"

"Kila kimoja mlango wake?"

"Kwani si vyote sawa?"

Mpokea simu alirudi, akamwomba meneja wasindikizane mpaka ofisini kwake. Mapokezi palijaa wagonjwa. Mbele ya mlango wa meneja akachomoa waya wa sikioni, akaongeza sauti.

"Choo cha wanaume," simu ilitangaza.

Benchi zima likaangua kicheko.

"Ala!" meneja alifoka. "Mlango si umeandikwa wazi kabisa, 'Meneja'?"

"Umeandikiwa nani?"

Meneja akamshika kiwiko amtoe pale mbele za watu. Mpokea simu akauchomoa mkono wake.

"Kesho nakuja peke yangu," alisema. "Wewe ndiye utafute mtu wa kukushika mkono, akuonyeshe kila kisanduku kilipotoka."