Saa Moja Mfukoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nimevaa koti langu la safari, na jina la marehemu mke wangu, Kalunde, nimelifunga kwenye leso. Nalipeleka Toronto. Binti yangu Nyamizi amejifungua huko, na jioni ya huko mtoto anapewa jina. Alinionya kwenye simu: "Baba, usipolileta mwenyewe, ataitwa Beverly, kama mama mkwe." Sina ubaya na Beverly. Lakini Kalunde alikuwa mmoja tu.

Dada wa kaunta akaniambia ni kilomita elfu kumi na mbili na mia nane, mwendo wa saa kumi na tano. Nikamwambia miguu hii iliwahi kunifikisha Sumbawanga. Akasema hongera, ila ndege imejaa.

"Imejaa nani?"

"Hizo saa kumi na tano. Zilikata tiketi mapema."

Nikaingia kuhakikisha. Kweli zimekaa, zimefunga mikanda. Ya kwanza changamfu, inachungulia dirishani. Ya kumi na nne imevimba miguu, haitaki kusemeshwa. Mhudumu akanieleza kwamba nane kati yao hushuka njiani, kwa kuwa kule magharibi saa hurudishwa nyuma, lakini viti ni vyao, zimelipia.

Ndege inaanza kusogea. Mimi nimesimama na leso yangu.

Nikaiuliza ile ya tisa kwao ni wapi. Ikajibu Kisarawe.

"Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa."

"Basi inuka, mtani. Mimi Mnyamwezi wa Tabora."

Zote zikaguna, ila hakuna iliyobisha. Mtani akikukamata, hulalamiki, unangoja akuchoke. Yenyewe ikasema tu kwamba Wanyamwezi tulizoea kubeba mizigo ya watu, ndiyo maana kukaa kitini hatujui.

"Leo nimepata mzigo mwepesi," nikasema. Nikaikunja saa hiyo mara nne, nikaitia mfukoni, nikaketi.

Toronto ni sebule ya Nyamizi. Ndege inatua juu ya zulia, taratibu, isimwage chai. Tumewahi kwa saa moja, maana ile niliyoikunja haikutumika. Beverly bado anafunga vifungo vya gauni. Naenda kwenye kitanda cha mtoto, nafungua leso karibu na sikio lake. Jina linaingia kama mwenye nyumba.

Simu ikaniamsha. Alikuwa Nyamizi.

"Baba, ni Kalunde. Kila alipoitwa Beverly alilia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe mwenyewe akasema, jaribuni lile la bibi yake mwingine. Mtoto akanyamaza."

Nikamshukuru Mungu, nikamtumia salamu Beverly.

Redio ya jirani ikatangaza saa moja asubuhi. Saa yangu ya ukutani, ambayo haijawahi kunidanganya, ilionyesha kumi na mbili. Nikaliendea koti msumarini, nikapapasa mfuko. Ulikuwa vuguvugu, kama umelaliwa na kifaranga.

Nikafunga kifungo. Sijaamua bado niitumie kwa safari gani.