Gunia la Mama Mkwe

Mwaka 1996 mwanangu Odilia alimaliza masomo ya sheria Dar es Salaam, akarudi Ifakara kujifunza kazi kwa wakili mmoja. Ilimlazimu akae chini yake mwaka mzima, kisha wakili aandike kwamba anafaa, ndipo aende kuapishwa. Nilimshukuru Mungu, maana baba yake, marehemu Severini, aliondoka kabla hajaiona siku hiyo.

Ikabaki miezi michache. Shemeji yangu Kasmiri, mdogo wake Severini, aliyeishi Kidatu tangu ujana wake, akastaafu na kurudi. Akasema shamba langu la mpunga la Michenga ni la ukoo, akafungua kesi.

Jumapili, baada ya misa, Odilia alikuja nyumbani. Nilimpakulia wali na perege, hakugusa.

"Mama, nimekuharibia."

"Kula kwanza."

"Kabla baba mdogo hajafika ofisini, nilimsimulia wakili habari zako zote. Nilikuwa naomba akutetee. Hata lile gunia la bibi nilimwambia. Sasa wakili huyo huyo amekubali kumtetea baba mdogo."

Gunia hilo la mpunga nilikuwa nampelekea mama mkwe kila mavuno, tangu Severini afariki mpaka na yeye tulipomzika. Kasmiri hakulijua. Sisi wanawake wawili hatukumtangazia mtu.

"Simama mbele ya hakimu useme," Odilia akaniambia. "Sema wakili huyu alizisikia siri zako kwangu. Hakimu atamtoa."

"Na wewe?"

"Wakili atanifukuza. Hataniandikia."

"Nani mwingine atakuchukua hapa?"

Akaanza kulia, nami nikafunika chakula.

Siku ya kesi Kasmiri alinikuta kwenye benchi nje ya mahakama.

"Pole na safari, shemeji. Umemsomesha binti akutetee, kumbe ananibebea mafaili mimi."

"Anabeba vizuri," nikamwambia. "Wewe angalia usimchoshe."

Ndani, kabla hatujaanza, hakimu akaniuliza kama nina pingamizi lolote. Odilia alikaa nyuma ya wakili. Alinitazama, akainamisha kichwa kidogo, kama kusema, haya, sema.

Nilimwomba Bikira Maria anishikie ulimi.

"Sina, mheshimiwa."

Nikaapa kwa Biblia. Wakili akauliza kwa upole, kama mgeni anayeulizia njia.

"Mama, ni kweli kila mavuno ulipeleka gunia kwa mama yake Kasmiri?"

"Kweli."

"Kama shamba ni lako, gunia la nini?"

"Alikuwa mama yangu pia. Hakuwa na nguvu za kushika jembe."

"Nani anajua kwamba hayakuwa malipo ya shamba la ukoo?"

"Yeye mwenyewe, na Mungu."

Watu wakacheka chini chini. Odilia alikuwa ameinama, anaandika, maana ndiyo kazi aliyopewa.

Hukumu ilipotoka, shamba lilikwenda kwa Kasmiri. Odilia akanifuata mpaka barabarani.

"Naacha kazi, mama. Leo hii."

"Ukiacha, nitakuwa nimepoteza vyote viwili."

Nikamshika mkono, nikamrudisha mwenyewe mpaka kwenye mlango wa ofisi, nikasimama pale hadi alipoingia. Kisha nikashika njia ya kivukoni. Nilikuwa nimesikia kwamba Lupiro, ng'ambo ya mto, bado wanakodisha mashamba.