Kitabu cha Pweza

Hata kabla hajavuka mlango wa ukumbi wa kanisa, Tabia alishamwona Sumaiya ameinamia meza ya vitabu vya mapishi, na moyo ukamwambia huyu hakuja kwa heri. Wote wawili waliuza chakula cha mchana Braamfontein, mtaa mmoja, wateja wale wale. Na mpishi hodari kama Sumaiya, jamani, anatafuta nini kwenye vitabu vya mtumba?

Yeye Tabia alikuwa na lake. Wiki moja nyuma, walipohama mtaa wa La Rochelle kuja mtaa wa Observatory, mumewe Yasini alilitoa boksi zima la vitabu kwa watu wa kanisa, waliokuwa wakikusanya vya kuuza ili wasaidie wagonjwa. Ndani yake kilikuwemo kitabu cha marehemu mama yake Tabia. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikinunua Tanga kwa ajili ya picha tu, akaandika mapishi yake pembeni ya kila picha kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasani. Hakuacha maandishi mengine duniani.

Tabia akaanza upande wake wa meza, jicho moja kwenye vitabu, jingine kwa Sumaiya. Vya keki, vya nyama choma, vya kupunguza unene. Akayapekua na maboksi yaliyopangwa sakafuni. Hakuna. Kila alipoinua kichwa alimkuta mwenzake anafunua kurasa mojamoja, kapu kalibana kwapani. Habari za kitabu kile aliyezijua ni Yasini peke yake, na mdomo wa Yasini hauna kufuli.

Uzalendo ukamshinda. Akamfuata, akamtaka mbele za watu alifungue kapu. Watu wakageuka. Sumaiya akamtazama, kisha akatoa kimoja kimoja: kitabu cha mikate, kitabu cha supu, miwani. Basi.

"Yasini alimwambia mume wangu kwamba hulali," akasema polepole. "Nimekuja tangu wanafungua, nikutafutie kitabu cha mama."

Tabia hakuamini, au hakutaka kuamini. Akamuuliza, sauti imeshapungua nguvu, angekitambuaje. Sumaiya akasema angekijua kwa yale maandishi ya Kiarabu. Halafu akayatazama yale maboksi ya sakafuni.

"Shoga, tumekuwa wajinga. Herufi za Kiarabu, Mwislamu gani akiziona chini ataziacha? Kamuulize yule mlinzi wa mlangoni, ni Mwislamu mwenzetu."

Mlinzi alikuwa Burhani, Mzanzibari. Kuulizwa tu, akapanda kiti, akashusha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikikuta chini, alisema, katikati ya vitabu vya kupika nguruwe. Akaenda kutia udhu kwanza, ndipo akakigusa. Mwandiko ulimshinda kusoma, akawa akingoja mtu wa kumwambia ile ni sura gani ya Kurani.

Tabia akafungua, machozi yakimlengalenga, akamsomea: "Pweza mpige jiweni kwanza, asiyepigwa halainiki." Burhani akajishika kichwa.

Alipogeuka, Sumaiya hakuwepo. Alishafika kwenye robot, zile taa za barabarani, anasubiri zigeuke avuke. Tabia akamkimbilia, akitafuta njiani maneno ya kuomba radhi. Akamtia kitabu mkononi.

"Nishikie, nifunge viatu."

Akainama palepale, akakaa kitambo hajainuka. Miguuni alivaa kandambili.