Neno la Kapteni wa Mwisho

Joto la kiangazi lilipokaza Matrah, mji wa bandari karibu na Muscat, Omani, mpira ulisimama na maneno yakaanza. Hakuna mwenye akili zake angekimbia kwenye changarawe ya Ruwi au mchanga wa Qurum miezi hiyo. Tangu Mei mpaka Septemba wachezaji walikaa vibarazani, na huko ndiko walikohamishwa timu, wakasifiwa, wakachambuliwa, na wengine wakazikwa wangali hai. Kama kuna watu wanaoweza kubishana miezi minne juu ya mpira usiopigwa, basi ni watu wa Unguja, na hawa walikuwa wamepoteza kila kitu isipokuwa ulimi.

Mwaka ulikuwa 1968, wa nne tangu Januari ile ya mapinduzi iliyowatoa kwao. Baraza lao lilikuwa nyumbani kwa Ishaq, aliyekuwa mwalimu Unguja na sasa akiandika barua za mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Walikutana baada ya sala ya alasiri, wakanywa kahawa, wakatawanyika kabla ya maghribi, kwa sababu zama zile watu wengi wakikaa pamoja sana huulizwa wanazungumza nini. Na wangejibu nini? Kwamba wanabishania goli la mwaka hamsini na tatu?

Ukutani kwa Ishaq uliegemea ubao. Ubao wa asili, uliokuwa na majina ya mashujaa wa klabu yao ya Kajificheni, ulibaki Unguja, na hakuna aliyejua kama bado umetundikwa au umeshapikiwa wali. Ishaq alibandua ubavu wa kasha la chai, akaupaka rangi nyeusi, na kila kiangazi baraza lilikaa kuamua majina ya kurudisha. Sheria ilikuwa ile ile ya kwao. Magoli peke yake hayakutosha. Mchezaji akihama, kapteni wake wa mwisho husimama mbele ya wenzake akasema moja kati ya mawili: "Aliondoka kwa heri," au "Alitoroka." Neno hilo halibishwi. Aliyeondoka kwa heri huweza kupanda ubaoni. Aliyetoroka hapandi, hata kama alifunga magoli mia, mpaka kapteni yule yule amsamehe, na hapo huandikwa chini kabisa, chini ya mstari, kwa herufi ndogo.

Jina la kwanza juu ya ubao lilikuwa la Majid.

Asubuhi Majid alikuwa mtu wa kupima magunia ya tende bandarini. Kiarabu chake kilichekesha, na wapagazi walikiigiza mbele ya macho yake. Walimwita "Zinjibari", kama kwamba wazazi wake hawakumpa jina. Lakini alasiri, akivua viatu mlangoni kwa Ishaq, watu wazima walijisogeza kumpa nafasi wakisema, "Karibu, Kapteni." Aliishi kwa neno hilo. Mwenye kutaka kumcheka na amcheke, ila kwanza ajaribu mwenyewe kuanza maisha upya na umri wa miaka arubaini na tatu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona akipiga mpira.

Alasiri moja Bakhit, winga wa kushoto wa timu yao ya huku, alikuja kuaga. Amepata kazi kwenye kampuni ya mafuta, na wafanyakazi wa kule wana timu yao, wana viatu vipya, wana hata lori la kuwapeleka uwanjani.

"Kwa hiyo sisi umetuona hatuna maana, ila lori," alisema Marhoon, beki wa zamani aliyezeeka na hasira zake zote.

"Ami Marhoon, mie nnafuata kazi. Mpira unanifuata nyuma." Bakhit akamgeukia Majid. "Kapteni, nambie tu nijue. N'kiondoka utasema nimeondoka kwa heri, au utanisema kama ulivyomsema Ghanim?"

Ishaq aliweka kikombe chini.

"Na huyo Ghanim yu mgonjwa," alisema taratibu. "N'likwenda kumtazama juzi. Kifua kimemmaliza, hata maneno anayatoa kwa mafungu. Kama tunalo la kusema juu yake, basi tuliseme angali anasikia."

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao kila mtu pale alikuwa ameungoja miaka minne. Ghanim alikuwa senta fowadi ambaye Kajificheni haikupata kuwa na mfano wake, kabla wala baada. Magoli thelathini na moja msimu mmoja, peku. Na mwaka 1958, mvua za masika zilipofunga viwanja, alihamia Hurumzi, mahasimu wao, bila kumuaga hata mtu mmoja.

"Magoli alifunga, nani kakataa?" alisema Marhoon. "Lakini mtu anakula nanyi, analala nanyi, halafu msimu umelala anavaa fulana ya Hurumzi. Ukimpandisha yule, kesho utampandisha nani?"

"Kacheza nasi miaka saba, Marhoon. Kule kacheza mmoja tu, akaacha mpira kabisa. Mtu aliyefuata ukubwa haachi mpira," alisema Ishaq.

"Mie sijui aliacha kwa nini. Nnajua aliondoka vipi. Kapteni alitwambia."

Wote wakamtazama Majid, na Majid akatazama kahawa yake.

Kwa sababu Ghanim hakutoroka. Mwaka ule ule wa 1958 Majid alikuwa kapteni, na alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kusikia jina la Ghanim sokoni, msikitini, kinyozini, mpaka kwa mama yake mwenyewe, ambaye kila wakitoka uwanjani alikuwa akiuliza Ghanim kafunga mangapi. Siku moja ya mvua alikwenda kwa Ghanim, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akamwambia kwa uso wa huzuni kwamba wakubwa wa klabu hawamtaki tena, wamekaa wameamua, na ni bora ajiondoe mwenyewe kabla hajaaibishwa mbele za watu. Wakubwa walikuwa hawajasema lolote. Ghanim alilia, akamshukuru kwa kumsitiri, akaondoka. Wiki iliyofuata Majid alisimama mbele ya klabu akasema, "Alitoroka. Hata kuaga hakuaga." Msimu uliofuata alicheza yeye katikati, pahala pa Ghanim, akafunga goli la fainali, na goli hilo ndilo lililoliweka jina lake juu ya ubao.

Miaka kumi alikuwa akiulea uongo ule, na siku nyingine ulikuwa umelala kabisa akausahau. Sasa ulikuwa umeamka na unamtazama.

Angeweza kusema. Maneno yenyewe hayakufika kumi: mimi ndiye niliyemfukuza, na mimi ndiye niliyewadanganya. Aliyapanga kichwani. Kisha akawatazama watu wale, Marhoon na vidole vyake vilivyopinda, Ishaq, na hata Bakhit, akaona vile watakavyomtazama kesho, na kwamba baada ya hapo itabaki bandari tu na magunia yake.

"Nimemsamehe," alisema Majid.

Alisema haraka, na papo hapo alijua kwamba amefanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Lakini wenzake hawakuliona hilo. Ishaq alifunga macho akasema alhamdulillah. Marhoon alijipangusa pua, akasema kwamba kama Kapteni mwenyewe, aliyekosewa, amesamehe, yeye Marhoon ni nani. Bakhit alimbusu Majid kichwani. Siku ile ile Ishaq alichovya brashi, akachora mstari mweupe chini ya ubao, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo: Ghanim bin Nasor.

"Umpelekee habari mwenyewe," alimwambia Majid. "Itampendeza kuipata kwako."

Ghanim alikuwa akikaa chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa dereva wa lori mpaka kifua kilipomkatalia. Mkewe, Masouda, alimkaribisha Majid kwa nyuma ya pazia, akaleta maji na tende, akarudi nyuma ya pazia. Ghanim alikuwa ameegemezwa mito, miguu iliyowahi kujaza uwanja ikiwa myembamba ndani ya shuka.

"Kapteni," alisema. Hakuna aliyeweza kujua kama ni heshima au kejeli.

Majid alimweleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kupoza, kwamba baraza zima limekubali, kwamba hata Marhoon amekubali, kwamba jina lake liko ubaoni tangu jana.

"Wapi ubaoni?"

"Chini," alisema Majid. "Chini ya mstari."

Ghanim alikohoa kwa muda mrefu. Alipotulia alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Majid kuliko tusi.

"Mmenisamehe," alisema. "Haya, nambie weye, Majid. Mmenisamehe nini?"

Majid alichukua tende moja, akairudisha sahanini.

"Katibu wa klabu, Mungu amrehemu, alinikuta Darajani mwaka wa pili wake. Akaniuliza, 'Mwanangu, tulikukosea nini ukatukimbia?' Basi nikajua. N'lisimama pale barabarani n'kajua yote."

"Kwa nini hukusema?"

"Neno lako na langu, lingesikilizwa lipi? Wewe ndo kapteni." Alivuta pumzi, akangoja irudi. "Tena n'likuwa nnakungoja. N'lisema, Majid n'namjua, tumesoma juzuu moja, atakuja aseme. Nikangoja Unguja. Tukaja huku, n'kasema, huku sote tumeshavuliwa nguo, ataona haya ya nini? Nikangoja. Ulipopiga hodi leo moyo ulinidunda kama mtoto."

Majid alitaka kumshika mkono, lakini mkono wa Ghanim ulikuwa ndani ya shuka na haukutoka.

"Ufute," alisema Ghanim. "Sitaki huko chini. Kama ni kwa jina langu na haki yangu, niandikeni. Kama ni kwa msamaha, ufute. Na uwambie kwa nini."

"N'tawambia," alisema Majid. "Wallahi n'tawambia."

Na alipokuwa akisema hivyo alikusudia kweli. Njia nzima mpaka kwa Ishaq alikusudia. Alipita kwenye vichochoro vya soko akiyakariri yale maneno yasiyofika kumi, jasho likimtiririka, na aliona kama kwamba amekuwa mwepesi, kwamba keshokutwa ataweza kurudi kwa Ghanim na kukaa naye kama zamani.

Walikuwa wote wapo. Walimpisha akae.

"Ee, Kapteni?" Marhoon aliuliza. "Kafurahi?"

Majid alifungua mdomo. "Hataki," alisema.

"Hataki nini?"

"Hataki kuandikwa. Kasema jina lake lifutwe."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ya pumzi moja, na Majid aliiona kabisa. Kilichobaki kilikuwa neno "kwa sababu" na yale yanayolifuata. Lakini Marhoon alikuwa ameshapiga goti lake kwa kiganja.

"Si n'liwambieni? Kiburi kile kile. Mtu yu kitandani, kapteni wake anamwendea kwa miguu, katika jua hili, kumpa msamaha, naye anautupa."

"Kasema hivyo kweli, Majid?" Ishaq aliuliza. Uso wake ulikuwa umeanguka. "Hakusema sababu?"

"Hakusema," alisema Majid.

Ishaq alileta kisu cha jikoni. Hakutaka kupaka rangi juu yake. Alisema jina lililokataliwa na mwenyewe halifunikwi, hukwanguliwa. Alilikwangua herufi moja moja, vumbi jeupe likimwangukia kwenye kanzu. Kisha Marhoon akamwambia Majid asitie moyoni, yeye ametimiza wajibu wake.

Ghanim alifariki siku ya kumi na moja baada ya hapo, Ijumaa asubuhi. Baraza zima lilikwenda. Walimwosha, wakamswalia baada ya sala ya Ijumaa, wakambeba kwenye jua kali mpaka makaburini, na Majid alishika jeneza upande wa mbele tangu mwanzo hadi mwisho bila kupokezana na mtu. Watu waliliona hilo. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume wala ndugu Muscat, kwa hiyo walipomaliza kufukia na dua kusomwa, watu hawakujua wampe nani mkono wa pole. Ishaq alimshika Majid begani akamweka mbele. Mmoja baada ya mmoja wakapita. Marhoon alipofika alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlenga.

"Ulimfanyia wema, Kapteni," alisema. "Hata kama hakuutaka. Mungu atakulipa kwa ulivyomtendea."

"Amin," alisema Majid, na akapokea mkono wa aliyefuata.