Kimea Chekundu cha Bondeni

Verediana aliliachia jembe likazama kwenye tope. "Eveline! Njoo uone, upesi!"

Eveline, binti yake anayefundisha baiolojia huko Kihesa, alikuwa amekuja Mgololo kumsaidia kupanda upya mahindi ya bondeni. Mara mbili yalikuwa yameota, yakageuka manjano, yakadumaa. Mama alishaamua sababu: wifi yake, Frida, aliyapitia akayaroga. Tangu Pasaka walikuwa hawasalimiani.

Alimkuta mama ameinamia kimea chekundu, kidogo kama kifungo cha koti. Majani yalijaa vinywele, na kila ncha ilibeba tone linalong'aa, ingawa umande ulishakauka zamani. Inzi mdogo alikuwa amenasa. Kadiri alivyojitikisa, ndivyo alivyozidi kugandama. Vinywele vya pembeni vilikuwa vikiinama taratibu, vikimfunika.

"Linamshika! Jani linamshika!" Mama alirudi nyuma, kiganja mdomoni. "Yesu wangu! Nani kaupanda mmea huu?"

"Unaota wenyewe, mama. Matone hayo ni gundi. Sasa jani litatoa majimaji ya kumyeyusha, kama tumbo linavyosaga nyama, kisha litamfyonza. Litabaki ganda."

"Mmea unakula nyama?"

"Sukari unajitengenezea kwa jua, kama mimea yote. Lakini mbolea ya udongoni hapa hakuna, maji yameiosha. Basi unaitafuta kwa inzi. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kunywa maji."

Mama alitazama mahindi yake ya manjano, akaurudia ule mmea. Akaketi palepale kwenye maji.

"Kumbe mahindi yalikuwa na njaa," alisema. "Na mimi nimemwita Frida mchawi. Kanisani, Eveline! Mbele ya watoto wake!"

Hakunawa hata miguu. Alipanda kilima mpaka kwa Frida, akamweleza yote mlangoni. Frida hakumkaribisha ndani.

"Wanangu wanaitwa watoto wa mchawi shuleni, wifi," alisema. "Usiniambie mimi. Kaseme pale uliposemea."

Jumapili, wakati wa matangazo, Verediana alisimama, akasema. Kanisa zima liliguna. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama amesikia vizuri, na Verediana akalazimika kurudia, machozi yakimtoka, kwamba alimsingizia wifi yake.

Frida alikuwa benchi la nyuma. Alisogea tu kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.